Kisanduku cha Nane

Nsimire, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na mlango umeuacha wazi kama kawaida yako. Koko, mama yangu huyu, amesinzia kwenye kiti chake, rozari mkononi. Niko peke yangu na sahani tatu ambazo sijaosha, na hili daftari lako la shule ambalo nimelichana kurasa za katikati ili nikuandikie. Usikasirike. Zilikuwa nyeupe, na kesho ungeziacha hapa zilale bure.

Sitakuandikia kuhusu chandarua, wala kuhusu kufunga mlango kwa ufunguo, wala kuhusu vijana wa Goma. Hayo yote Koko amekuambia tangu Jumatatu, na kesho pale bandarini atayarudia mbele ya watu kwa sauti kubwa, ujitayarishe. Mimi nina jambo moja tu. Ni refu kwa sababu linaanza zamani, wakati wewe bado unahesabu mpaka tatu halafu unaruka kwenye saba.

Niliiona ile fomu uliyotumiwa na chuo cha Goma.

Sikuitafuta. Nilikuwa napanga nguo zako kwenye valizi, ikaanguka kutoka kwenye daftari unaloandikia majaribio ya mbabula yako, hilo jiko lako la makaa. Nikaisoma polepole, maana Kifaransa changu kiliishia mwaka wa nne wa sekondari, na wewe ndiwe unajua kwa nini kiliishia hapo. Wanauliza teknolojia yako imefika hatua gani. Kuna visanduku tisa. Cha kwanza ni wazo tu. Cha tisa ni kitu ambacho watu wanakitumia kila siku bila shida. Wewe umeweka alama kwenye cha nane, kwa biki ya bluu, na umekandamiza mpaka alama imetokea upande wa pili wa karatasi. Cha nane kinasema kitu kimekamilika, kimejaribiwa katika maisha ya kweli, kiko tayari. Na chini wameandika kwa herufi ndogo kwamba vitu vya nane na tisa vitatengenezwa kwa wingi mara moja na kupelekwa katika majiko ya watu. Wenye vitu vya chini ya hapo watapewa nafasi kwenye ateliye, karakana ya chuo, wajaribu kwanza.

Nilielewa. Nani anataka kuketi na nyundo ateliye mwaka mzima wakati wenzake wanapigwa picha? Sikukasirika. Niliketi kitandani kwako nikacheka kidogo, maana alama ile naijua. Niliwahi kuiweka mimi mwenyewe, bila fomu, kwa mdomo tu.

Unajua kwamba mimi natengeneza mbabula. Umekulia kwenye udongo wangu. Nguo zako za shule zote zilikuwa na alama ya mkono wangu mgongoni. Lakini namna nilivyoanza nimekusimulia nusu tu, ile nusu nzuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, wewe minne. Papa yako alikuwa ameenda kwenye machimbo na habari zake zilikuwa zimekwisha kukatika. Nilikuwa nauza maharagi ya kupikwa hapa Nyalukemba, kando ya njia, na maharagi yanataka moto kutoka asubuhi mpaka mchana. Mbabula yetu ilikuwa ya bati tupu. Gunia la makala lilikuwa linayeyuka kama sukari. Siku moja nikaenda Mudaka kutafuta matofali ya kukalishia sufuria, nikakuta wachomaji wamechanganya udongo na unga wa mbao kutoka kwa maseremala. Tofali likatoka tanuruni jepesi, na mtu akalishika upande mmoja kwa mkono mtupu wakati upande mwingine bado mwekundu. Nikasimama pale kama mjinga. Nikasema, kama joto halipiti kwenye tofali hili, basi mbabula ya namna hii itaweka moto wote chini ya sufuria.

Kisanduku cha kwanza hicho. Kinapendeza kuliko vyote, maana hakikuombi kitu. Unatembea nacho barabarani unatabasamu peke yako. Nilifika nyumbani bado natabasamu, Koko akaniuliza:

"Unatabasamia nani?"

"Matofali, maman."

"Yesu Maria. Ngoja nimwite papa yako."

Ya kwanza nilichora kwa makala juu ya gunia la unga. Nilipoitengeneza ilipasuka kabla hata ya kuona moto, kwa sababu nilikataa kungoja ikauke. Ya pili ilitoa moshi mpaka jirani akaja na ndoo ya maji. Ya tatu, ya nne na ya tano sikumbuki vizuri, nadhani nilizitupa usiku mmoja nikiwa na hasira. Ya sita ilikuwa nzuri, nikaiangusha. Ya saba ilipika. Nsimire, ilipika! Maji yalichemka kabla hujamaliza kula embe lako, na makala ilibaki. Nilikuinua nikakuzungusha uani mpaka ukatapika lile embe.

Nikapika chai juu yake. Nikapika maharagi wiki tatu, kila siku. Hakuna shida. Halafu nikamwambia Koko:

"Maman, leo tusonge bugali kwenye hii yangu."

Akaniangalia kana kwamba nimeomba kunawa miguu kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

"Bugali ya papa yako haijaribiwi. Jaribu na maharagi yako. Maharagi ikiharibika tutakula viazi. Bugali ikiharibika, leo tutakuwa tumekula nini?"

Na ni kweli, unajua nyumba zetu. Mtu anaweza kula wali sahani mbili na ndizi juu yake, jioni akasema leo sijakula. Baba yangu alikuwa hivyo. Kwa hiyo sikubishana. Nikajiambia, moto ni moto. Kinachochemsha maharagi kitashindwa vipi na bugali?

Neno hilo, moto ni moto, liweke pembeni kidogo. Nitalirudia.

Wanawake wa Mudaka walikuwa wameiona ile ya saba pale tanuruni, nilipokuwa nawapikia wachomaji chai. Wakataka. Nikatengeneza kumi, nikazipeleka kwa pikipiki, safari mbili. Wa kwanza kuchukua alikuwa Maman Faida, yule mama mrefu anayetuletea maboga kila mwaka, yule ambaye wewe unamwita tantine. Akaigeuza, akaigonga kwa kidole, akaniuliza:

"Iko tayari?"

"Iko tayari."

Nilisema bila hata kumeza mate. Hiyo ndiyo alama yangu kwenye kisanduku cha nane.

Jumapili iliyofuata mtoto wake alikuwa na komunyo ya kwanza, na akatualika, wewe na mimi. Ulikuwa na gauni la njano. Watu walikuwa wengi, shemeji zake wametoka mpaka kijiji cha Miti, na yeye akaamua bugali ya wageni isongwe kwenye mbabula yangu, uani, wote waone kitu kipya. Sufuria ilikuwa kubwa. Nilikuwa nimesimama karibu, nimejifunga kitenge kizuri, nangoja kusifiwa.

Sasa, unajua mwanamke anavyosonga bugali ya watu wengi. Mwanzo anakoroga tu. Lakini ikianza kukaza anapanua miguu, anaweka mguu mmoja kwenye ubavu wa mbabula ili isitembee, na anavuta mwiko kwa mgongo mzima. Mbabula yangu ilikuwa imezoea uzito unaokaa juu na kutulia. Maharagi hayasukumi mtu. Chai haisukumi mtu. Tangu izaliwe hakuna aliyekuwa ameisukuma kutoka upande. Maman Faida alivuta mara ya tatu au ya nne, na ikafunguka kama papai.

Makala na bugali ya moto vyote vilimwangukia kwenye mguu, ule mguu aliokuwa ameikazia.

Hapo ndipo nusu nzuri inaishia, na hapa ndipo nilikuwa naruka nikikusimulia. Nilikuambia kwamba tulimsaidia. Si kweli. Watu walikimbilia maji, wanawake walikuwa wanapiga kelele, na mimi nilikukamata mkono nikaondoka. Tulipita nyuma kwenye migomba mpaka barabarani. Nilikuwa nakukokota. Nikakuambia, twende haraka, mvua inakuja. Jua lilikuwa linawaka. Ulitazama juu, ukaniuliza: "Maman, mvua iko wapi?"

Sijawahi kukujibu. Leo nakujibu: haikuwepo. Nilikuwa nakimbia.

Nyumbani nilikaa siku tatu sikwenda hata kuuza. Nilimwambia Koko mbabula ilipasuka, nikaishia hapo. Lakini wewe ulikuwa umekwisha kumsimulia uliyoyaona, na siku ya tatu, tukiwa tunakula, akaniuliza tu, bila ukali:

"Na mguu wa yule mama?"

"Sijui."

"Haujui." Akatafuna. "Na unakula?"

Kesho yake nilirudi Mudaka. Wewe nilikuacha, sikutaka uone. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, hata kupigwa. Maman Faida alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu juu ya kigoda, umefungwa bandeji ya sentre ya afya. Nikapiga magoti. Nikaanza kusema maneno niliyoyapanga njia nzima, akanikatiza:

"Ulipikaka nini juu yake, weye?"

"Maji, maman. Na chai. Na maharagi, wiki tatu."

"Na bugali?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Sasa huku kwetu tunakulaka maji?" Akageukia ndani ya nyumba. "Mulete mwiko! Na unga. Huyu mutoto wa Bukavu atatusongea bugali leo."

Nilidhani ni adhabu. Alinikalisha mbele ya mbabula yangu nyingine, ya jirani yake, akaanza kunitazama na mguu wake ule juu ya kigoda.

"Sukuma. Weye unasonga sawa mutu anapakaa mutoto mafuta. Sukuma, maman, sukuma kama mutu mwenye njaa!"

Wanawake wengine wakaja, wakacheka, wakanipigia makofi. Nilikuwa nalia na nasonga. Na ikapasuka tena, safari hii polepole, na kwa kuwa yeye alikuwa ameketi chini na hana kingine cha kufanya ila kutazama, aliona.

"Angalia. Inaanzia hapa, ku mulango wa majivu. Huo mulango ni mukubwa sana. Na miguu iko karibu-karibu sawa ya mbuzi."

Mama ambaye nilimchoma ndiye alikuwa fundi wangu wa kwanza wa kweli. Nilizunguka nikazikusanya mbabula zote, na kwa kila mwanamke nilisema kwa mdomo wangu: haiko tayari, nilikosea kusema iko tayari. Mara ya kwanza nilidhani nitakufa. Mara ya tano nilikuwa naongea tu. Na kila mmoja, badala ya kunifukuza, alinipa la kwake. Mmoja alisema makala ya kipindi cha mvua haishiki kabisa. Mwingine alinionyesha kwamba akimaliza kupika anamwagia maji ili makala ibaki ya kesho, na udongo ulio moto ukimwagiwa maji unakufa. Nani alijua hayo? Kila mwanamke alijua, isipokuwa mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeuliza moto tu, sikuuliza mtu.

Nilipunguza mlango. Nikatanua miguu. Fundi wa chuma akanifungia ukanda wa bati kiunoni mwa mbabula. Kisha nikairudisha kwa Maman Faida peke yake, moja tu, nikamwambia: hii ni ya kujaribu, na ukisonga usiikazie mguu mpaka nikuambie. Ilikaa kwake msimu wa mvua mzima. Nilienda karibu kila wiki, naye kila wiki alikuwa na maneno. Msimu wa pili maneno yakapungua. Halafu siku moja nilifika nikamkuta anachambua majani ya sombe, tukaongea habari za watoto, za kanisa, za bei ya unga, mpaka nikachoka kungoja nikauliza mwenyewe:

"Na mbabula?"

"Mbabula gani?"

"Yangu, maman!"

"Aa, ile. Iko."

Akaendelea na sombe yake. Alikuwa ameisahau! Nilirudi nyumbani nikiwa naimba ndani ya basi mpaka watu wakanitazama. Hakuna sifa niliyowahi kupewa inayofika pale. Kama ungeniuliza mimi kisanduku cha tisa ni nini, ningekuambia ni hicho: kitu kimekaa kwa mtu, wewe hupo, na yeye anawaza mambo mengine.

Ile fomu yako imepanga visanduku kama ngazi, mtu anapanda tu. Anayeijaza asidhani kwamba ni hivyo. Mimi Jumapili ile nilikuwa kwenye nane, na kabla sahani hazijaoshwa nilikuwa nimerudi kwenye tatu. Kurudi hakukuniua. Kilichokuwa kinaniua ni zile siku tatu nyumbani, nikijifanya niko palepale.

Na nikuambie kitu kingine, maana nimeanza kusema kweli na kalamu bado ina wino. Hata kuwa maman wako nilianza hivyohivyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Koko aliniwekea mtoto mikononi na watu wote wakaniita maman, kama mtu aliyekwisha kujaribiwa. Sikujua kitu. Nilikupiga siku ile ulipomwaga mafuta, nawe ulikuwa unataka tu kunisaidia. Nilikunyamazisha mbele ya wageni kila ulipouliza swali, ndiyo maana mpaka leo ukiuliza jambo unaanza na "samahani". Wewe ulikuwa wa kwanza, na makosa yote ya kujifunza yalipita juu ya kichwa chako. Nikikutazama sasa, mrefu hivyo, una maneno yako na vyuma vyako, najiuliza umetokaje mzima kutoka kwenye tanuru langu. Lakini umetoka. Nafurahi kila nikikuona unapita mlangoni, hata ukiuacha wazi.

Sasa nirudi kwenye moto ni moto.

Mbabula yako ni nzuri kuliko yangu. Nasema mbele ya Mungu. Siku ulipoleta ile feni ndogo uliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa, ukaiunga na batri na paneli ya sola, ukaiweka ipulize makala kutoka chini, mimi nilidhani ni michezo. Halafu ukachemsha maji, nikatazama ulivyoongeza moto na kuupunguza kwa kidole, kama mtu anapunguza redio. Miaka yote hii sikuwahi kufikiri mwanamke anaweza kuuambia moto wa makala upoe kidogo na ukasikia. Nilienda nyuma ya nyumba nikajifuta macho na kitenge.

Lakini daftari lako la mbabula nimelisoma lote leo. Umeandika vizuri, kila siku na saa yake. Maji. Maji. Chai. Wali. Maharagi. Maji. Samaki sambaza wa kukaanga. Kurasa na kurasa. Bugali haimo.

Na nilitaka kukukasirikia, nikakumbuka. Uliniomba. Kile kipindi cha mvua kubwa ulinijia jikoni ukasema, "Samahani, maman, leo tunaweza kusonga bugali kwenye yangu?" Nami nilikuwa nimechoka, udongo mpaka kwenye viwiko, nikakujibu: "Usichezee bugali yetu. Jaribu na maharagi." Na wewe ukasema polepole, unaondoka, "Sawa. Moto ni moto."

Neno kwa neno, Nsimire. Nilikujibu kwa mdomo wa Koko, nawe ukajifariji kwa mdomo wangu, na mimi ninayejua mguu wa Maman Faida unavyoonekana mpaka leo sikusikia kitu. Basi ile alama ya bluu si yako peke yako. Nusu yake ni yangu.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Ulipokwenda kusukwa nywele kwa jirani mchana, nilikata kamba uliyofunga kwenye katoni, nikaitoa mbabula yako. Koko akatoka chumbani.

"Unafanya nini na kitu ya mutoto?"

"Nasonga bugali, maman."

"Juu ya ile? Bugali yake ya mwisho hapa nyumbani?"

"Ndiyo, njo ile."

Nilingoja anikataze. Alisimama pale, akatazama mbabula, akanitazama mimi, halafu akasema: "Niletee kiti. Nione."

Akaketi, fimbo kati ya magoti, kama hakimu.

Maji yalichemka haraka mpaka Koko akafanya ishara ya msalaba. Nikamwaga unga. Na unga, mwanangu, unajua unavyofanya ukimwagwa kwenye maji ya moto, unapanda juu kama moshi mweupe, unatua kila mahali. Ukatua chini, na feni yako ikauvuta. Nilisikia sauti inabadilika. Ikakohoa. Ikakohoa tena, ikaanza kuzunguka kama mtu anayesinzia, na moto ukalala katikati ya kazi. Maji hayana vumbi. Wali hauna vumbi. Ungechemsha maji miaka kumi usingelijua hilo.

Nikasonga hivyohivyo kwenye moto mzito, na nikaikazia mguu. Nilisukuma kama mtu mwenye njaa. Miguu yake haikutingishika hata kidogo, ubavu haukupasuka. Hapo ulinisikiliza, na nilifurahi sana. Koko naye alisema, "Kwa chini iko muzuri. Kifua njo inamusumbua." Ndiyo hukumu yake, nakuletea kama alivyoisema.

Uliporudi uliingia na kichwa kipya, ukasema, "Maman, leo bugali imechelewa, mimi nakufa." Koko akaangalia ukuta. Ulikula, ukaongeza, ukasema iko laini leo. Ile ndiyo uliyokula. Ilitoka juu ya mbabula yako.

Sijafuta alama yako. Sijaandika kitu juu ya fomu yako, hiyo ni kazi yako na jina lako. Lakini walikutumia fomu mbili, na ya pili bado ni nyeupe, nimeziweka zote mbili ndani ya daftari. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari nimeandika mstari mmoja kwa mwandiko wangu mbaya: bugali, watu watatu, feni imemeza unga, miguu imekaza. Mimi si mwalimu, sijui hiyo inaitwa tano au sita. Najua haiitwi nane. Nafasi yako ya kusoma wamekwisha kukupa, hawatakunyang'anya kwa sababu ya kisanduku. Utakaa ateliye na nyundo, wenzako watapigwa picha, na utaona uchungu kidogo. Mimi uchungu huo nakutakia, kuliko ule mwingine wa kumkokota mtoto kwenye migomba ukimdanganya kuhusu mvua.

Na ukikataa, ukaacha nane, na siku moja mama wa watu akasimama uani na wageni wake na moto ukamfanyia vibaya, usikimbie. Hilo sikuombi, nakuagiza. Rudi siku hiyohiyo. Usiwe kama mimi, usingoje mtu akuulize kama unakula.

Nimesikia sauti zenu kule chini kwenye ngazi, mnaimba, kwa hiyo namaliza. Katoni nimeifunga tena kwa fundo langu, utalitambua, ni baya. Feni sikuisafisha. Koko alitaka niisafishe, alisema aibu kumpeleka mtoto na kitu kichafu kwa watu. Nilikataa. Unga umo mulemule ulipoingia. Ukifika, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, ifungue wewe mwenyewe, uone ulipopita, uandike. Kisha ndipo uchukue biki.

Mama yako anayekupenda, na ambaye sasa anakwenda kuosha sahani zako kwa mara ya mwisho, bila kunung'unika.